Sahihi Sitatia, Ilpo

Ilpo, bati lako la biskuti nimeliona.
Ndani yake redio kuukuu isiyoshika stesheni,
kipimajoto ulichokibandua ukutani mwa sauna,
nyaya mbili, na gundi, gundi nyingi,
kama sahani ya mkwe iliyovunjwa ikaungwa usiku.

Wasema linazaa nasibu.
Namba zisizo baba, zisizo ukoo,
zinazodondoka tu, kila moja yatima.
Kisha unazizidisha kwa tarehe aliyozaliwa mama yako,
unazigeuza kichwa chini, unazikatakata, unazichanganya tena,
na unaniambia, ukitabasamu kama aliyeficha peremende:
"Raakel, nani ataweza kuzibashiri?"

Mimi siwezi. Nakiri.
Na wewe huwezi.
Lakini tangu lini kushindwa kwetu sisi wawili,
katika chumba cha chini hapa Oulu, mwezi wa pili,
kahawa ikipoa, soksi zikining'inia juu ya bomba la joto,
kukawa ushahidi?

Umenionyesha mitihani uliyozipa.
Sifuri na moja zakaribiana idadi, grafu zimetulia,
kila kisanduku umekipiga tiki ya kijani.
Ilpo, mlevi anayepepesuka barabarani
na mwigizaji anayeigiza mlevi jukwaani
wote wawili hawashiki mstari.
Pima nyayo zao kwa futi kamba, hutaona tofauti.
Ila mmoja wao anajua
hatua ya kumi na saba itatua wapi,
na yeyote aliyemwona mazoezini anajua pia.

Hata tarakimu za pai zingefaulu mitihani yako,
nazo zimeandikwa kwenye kikombe unachonywea.

Mwamba ngozi huvutia kwake:
ulijenga, ukatahini, ukasahihisha, ukajitunuku.
Sikulaumu. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa
nilikuwa na langu, la kete na saa ya mkono,
nililala nalo chini ya mto.
Profesa Vuokko aliliomba kwa siku moja tu.
Alilirudisha kabla ya chakula cha mchana,
pamoja na ukurasa wa namba ambazo lilikuwa bado halijazizaa.
Hakucheka. Heri angecheka.

Sasa sikiliza nilichofanya jana, ulipokwenda kulala.
Nilichapisha namba zako, sifuri nyeupe, moja nyeusi,
nikazitandaza sakafuni kama zulia.
Saa nane kasorobo ya usiku zilikuwa zimejipanga:
mistari myembamba, kama mbavu za samaki,
dakika kumi na moja, kisha zikatawanyika.
Saa tisa, tena.
Nikazima taa, nikatega sikio.
Friji, Ilpo.
Kila friji yako inapoanza kunguruma
redio yako huitikia.

"Basi nitaihamisha friji," unasema.
Na ya jirani? Na lifti?
Na yule atakayekuja bila friji, mwenye subira tu,
anayelipwa mshahara akae miezi sita
akiusikiliza mlango wako?

Zahanati iliyonituma inatunza barua za watu:
nani anameza dawa gani, nani aliharibikiwa mimba,
nani aliomba asiambiwe mumewe.
Ufunguo wa barua hizo utoke kwenye bati la biskuti?

Unauliza, kwa hasira sasa, mimi basi naamini nini.
Barafu ya mtoni hapo nje unaijua.
Hatuivuki kwa kuwa ni nyeupe,
wala kwa kuwa aliyeisifu ni rafiki.
Mtu hutoboa kwa keekee, akapima;
mwingine asiyemjua, asiyempenda, akatoboa pengine, akapima;
lori likapita, barafu ikalia, haikupasuka.
Hata hivyo nikivuka, navuka nikisikiliza.

Sahihi sitatia.
Kipimajoto kirudishe sauna, Aune anakiulizia tangu Jumapili.
Na hiyo kahawa, nimiminie iliyobaki,
ila ngoja kwanza.
Umesikia?
Imeanza kunguruma.